Maziwa Yaliyopimwa kwa Sisimizi

Wiki ya tano baada ya kujifungua, Bertha alikuwa ameshamkasirikia karibu kila mtu, ila alikuwa hajaamua aanze na nani. Chuchu zake zote mbili zilikuwa zimepasuka. Kila alipomweka Lydia kifuani alikuwa anauma upindo wa kitenge, anahesabu kimoyomoyo moja mpaka ishirini, ndipo maumivu yanalegea kidogo. Wanawake waliokuja kumpa hongera walimsimulia uchungu wa kuzaa mpaka akachoka kusikiliza. Habari za kunyonyesha hakuna aliyezigusa. Walikuwa wanasema tu "mnyonyeshe mtoto", kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango.

Ukutani, juu ya kitanda, kulikuwa na picha ya Bikira Maria amempakata Mwana, uso umetulia. Bertha aliitazama siku nyingi kabla ya kuisemesha.

"Na wewe yalikuuma hivi?" aliiuliza asubuhi moja, kwa sauti. "Mbona hukusema?"

Hakuwa anakufuru. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasali siku zile. Rozari ilimshinda kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hiyo alichobakiwa nacho ni kumgombeza Mungu, na aliona afadhali amgombeze kuliko kumnunia.

Walikuwa wanakaa Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, vyumba viwili na baraza. Barazani kulikuwa na cherehani yake, imefunikwa gunia tangu tumbo lilipokuwa kubwa. Mume wake, Kasmir, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni macho mekundu, ananawa, anamshika mtoto dakika tano kama anayeshika yai, basi. Mtu mwema. Lakini wema wake ulikuwa wa kukaa kimya, na kimya Bertha alikuwa nacho cha kumtosha.

Asiyeishiwa maneno ni mama mkwe. Dominika alishuka kwenye basi la kutoka Laela siku ya nne baada ya uzazi, na jogoo, na mfuko wa unga wa ulezi, na blanketi zito, maana baridi ya Juni anaijua. Tusimwonee: kazi alifanya. Alifua nepi, alikoroga uji, alimkanda mzazi kwa maji ya moto mpaka mzazi akalia. Jina la mtoto ni yeye aliyeliomba. Lydia lilikuwa jina la binti yake wa kwanza, dada wa Kasmir, aliyekufa mchanga kwa homa, na Bertha hakuona sababu ya kumnyima. Wiki tatu nzima alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe wa namna ile.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Mtoto akapandishwa kwenye mzani, na ule mstari wa uzito kwenye kadi, badala ya kupanda, ukalala. Muuguzi aliyekuwepo alisema, "Mama, mnyonyeshe zaidi," akaita jina la anayefuata.

Jioni ile Dominika hakumsemesha Bertha. Alimwita mwanawe barazani, akamhoji kwa Kifipa, kana kwamba aliyekuwa ndani si Mfipa.

"Mmeshalala pamoja?"

"Hapana, mama."

"Mtoto amebemendwa huyo. Ninamwona. Mmekutana kabla ya wakati, sasa mtoto ndiye anayekonda. Sema kweli."

"Hapana, mama."

"Basi kama si wewe..."

Hakumaliza. Bertha, nyuma ya mlango, alimmalizia mwenyewe, na joto likampanda mpaka masikioni. Kasmir naye alielewa. "Mke wangu hajavuka hata uchochoro huo," alisema. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumjibu mama yake, na akaingia ndani kula.

Kesho yake asubuhi Dominika alikuja na kijiko cha chai.

"Kama si kubemendwa, ni maziwa yenyewe. Kamua hapa."

"Ya nini, mama?"

"Kamua."

Ilichukua muda, maana kukamua kwenyewe kulikuwa kunauma. Kijiko kilipofika nusu, Dominika alimchukua sisimizi mmoja kwenye kopo la sukari kwa ncha ya njiti ya ufagio, akamdondoshea humo. Wakainama wote wawili. Sisimizi akarusha miguu, akazunguka mara mbili, akatulia.

"Umeona?" Dominika alisema taratibu, karibu kwa huruma. "Yana ubaya. Yanaua."

Hapa inabidi nimseme Bertha, ingawa niko upande wake. Huyu ni mtu aliyemaliza kidato cha nne. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula alikuwa anauchora kwa kalamu za rangi, na mwalimu akambandikia ukutani. Lakini aliamini. Alikuwa na wiki tano hajalala, mtoto anakonda, na sasa mtu mzima mwenye wajukuu anamwambia sababu. Tena kuna jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu: moyoni aliona nafuu. Kama maziwa ni mabaya, basi hatalazimika tena kuuma kitenge.

Dominika alikuwa na mpango tayari. Mtoto aachishwe ziwa siku hiyohiyo, apewe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, na uji mwepesi wa ulezi kidogokidogo. Jumapili angeondoka naye kwenda Laela, amlee mwenyewe mpaka anenepe.

"Mungu ameshaonyesha," alisema. "Tusibishane naye."

Siku ya kwanza Lydia alikunywa maziwa ya kikombe akatapika. Siku ya pili akaanza kuharisha. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, na Bertha alikuwa anatetemeka kwa homa, matiti yamekuwa magumu kama mawe ya kusagia, yanawaka, kiasi kwamba hata blauzi ikimgusa anaruka. Mtoto analia kwa sauti nyembamba. Dominika alikuwa amekwenda misa ya asubuhi kuwaombea wote wawili.

Aliyebisha hodi ni Mama Nyanda. Huyu alikuwa Msukuma, familia yao ilihamia Ufipa na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, na ndiye aliyekuwa analeta maziwa kwa kidumu. Alikuwa mrefu, mzee kidogo kuliko Bertha, na hakuwa na adabu nyingi.

"Siku ya tatu hii mnaongeza maziwa. Mnapikia chai ya harusi?"

"Ya mtoto," Bertha alisema.

"Mtoto gani?"

Bertha alimwonyesha kwa kidevu. Mama Nyanda akaweka kidumu chini, akamfunua mtoto, akamtazama, kisha akamtazama mama. Hakuomba ruhusa. Alimfungua vifungo vya blauzi, akaona, akavuta pumzi kwa meno.

"Nani kakuambia uache?"

Bertha akamweleza habari za sisimizi. Alipokuwa anaieleza kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mtu asiye wa nyumba ile, alianza kusikia jinsi ilivyo. Mama Nyanda hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Dada, mimi nimekulia kwenye zizi. Ng'ombe usipomkamua siku tatu anakauka. Ukimwachia ndama amgongegonge, maziwa yanashuka. Hakuna dawa nyingine. Na huyu wako ulikuwa unampa chuchu tu. Chuchu si ziwa. Mpanue mdomo, mjaze ziwa lote mdomoni. Ndama hashiki ncha."

Alilikanda titi kwa kitambaa cha maji ya moto, akakamua kidogo mpaka likalainika, akasubiri mtoto apanue mdomo kwa kilio, kisha akamsukuma kifuani kwa kiganja nyuma ya mgongo. Bertha alijiandaa kuhesabu. Alifika nne, maumivu yakapungua. Lydia akameza, na Bertha akausikia ule mmezo. Wiki tano alikuwa hajawahi kuusikia.

Ndipo hasira ilipopata mwenyewe. Ilianza na yeye Bertha: siku tatu za kumnyima mtoto maziwa kwa ushahidi wa mdudu. Halafu ikahamia kwa muuguzi wa "mnyonyeshe zaidi", ambaye hakutumia hata dakika moja kuangalia anavyonyonya. Halafu ikakaa kwa mama mkwe, na pale ikatulia.

Dominika aliporudi kutoka misani alikuta mtoto yuko ziwa la pili.

"Unamlisha sumu."

"Ninamnyonyesha, mama."

"Jumapili ninaondoka naye."

"Huondoki naye."

Bertha hakuwahi kumjibu mkwe wake hivyo, na wote wawili walishtuka. Mchana alikwenda zahanati akapata dawa ya homa, mtoto mgongoni, hakumwachia mtu hata wa kumshikia. Dominika naye akavaa viatu akaenda kwa Jenifa, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, kushtaki.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya nyumba ya Bertha kupokea jumuiya. Walikuja wanawake kumi na wawili na wanaume watatu, wakabanana sebuleni kwenye mkeka na viti vya kuazima. Likasomwa neno, wakatafakari, wakafika kwenye nia za maombi. Aliyeanza ni Jenifa, macho ameyafumba.

"Tumwombee dada yetu Bertha. Mungu amlainishe moyo, amsikilize mama yake, amkabidhi malaika huyu kwa bibi yake kabla hatujachelewa. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Wote. Kasmir hakuitikia, lakini hakusema kitu pia. Bertha alikuwa kwenye kigoda pembeni, Lydia yuko kifuani chini ya kanga, ananyonya kweli, anameza kweli, na watu kumi na tano wamemwomba Mungu amnyang'anye. Hasira iliyompata haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi.

"Na mimi nina nia yangu," alisema.

Jenifa alifumbua macho.

"Ila kwanza naomba kijiko. Dada, nipe na hilo kopo la sukari. Mama anasema maziwa yangu yanaua, kwa sababu alitia sisimizi akafa. Ninyi mmeshaniombea kwa habari hiyo. Basi tuangalie."

Aliyekuwa karibu na meza akampa. Bertha alichota maji ya kunywa kwenye jagi, akamtia sisimizi. Watu wakanyoosha shingo. Sisimizi akarusha miguu, akazunguka, akatulia. Akamwaga. Akachota chai iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya wageni, akatia wa pili. Naye akatulia, tena mapema zaidi. Kisha akamwomba Kasmir amteremshie ile chupa iliyokuwa kwenye rafu, chini ya msalaba.

"Bertha," Jenifa alisema, "hayo ni maji ya baraka."

"Najua. Nilikwenda nayo mwenyewe yakabarikiwe."

Kasmir alisita. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaiteremsha chupa. Sisimizi wa tatu alikufa kwenye maji ya baraka vilevile kama wenzake.

"Basi na haya yana ubaya," Bertha alisema. "Leo jioni tuyamwage. Na chai msinywe. Huyu ni mdudu, jamani. Hajui kuogelea."

Mzee mmoja aliguna. Mwanamke mmoja pale nyuma akashindwa kujizuia, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikapita kwenye mkeka kutoka mmoja hadi mwingine mpaka Jenifa mwenyewe akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Bertha hakucheka. Alikuwa anamtafuta mama mkwe kwa macho, amwone ameaibika. Kwa kweli ndicho alichokuwa anakitaka.

Dominika alikuwa hayupo pale alipokaa.

Bertha alimfuata jikoni, mtoto mkononi, maneno yamemjaa mdomoni tangu Alhamisi. Dominika alikuwa ameliinamia jiko, anachochea mkaa usiohitaji kuchochewa.

"Mama, sasa habari ya Jumapili..."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Dominika alisema bila kugeuka. "Lydia wangu ana miezi mitatu. Mama mkwe wangu alileta kijiko."

Sebuleni walikuwa bado wanacheka.

"Ulisema alikufa kwa homa."

"Aliharisha. Wiki mbili. Mimi maziwa yananichuruzika mpaka gauni linaloa, na nimekaa nayo, namtazama. Nilikuwa nayakamua nayamwaga nyuma ya nyumba nisije nikamuua."

Bertha alimbana Lydia bila kujua mpaka mtoto akalalamika.

"Na kijiko hichohicho ukamletea mwanangu," alisema.

Dominika akageuka. Hakuwa analia. Afadhali angekuwa analia.

"Nilitaka kiwe kweli," alisema. "Kikiwa kweli kwako, basi na kwangu kilikuwa kweli."

Kuna watu ambao wangemkumbatia pale, na ningependa kusema Bertha alikuwa mmoja wao. Hakumkumbatia. Hasira yake haikupungua hata punje, iliongezewa tu watu: yule bibi aliyeshakufa zamani na kijiko chake, na kila aliyesimama pale siku zile akamwangalia msichana wa miaka kumi na tisa akimwaga maziwa. Alirudi sebuleni wimbo wa mwisho ukiwa umeanza, akakaa, hakuimba. Alimgombeza Mungu kama kawaida yake, ila safari hii hakuwa anajigombea mwenyewe. *Na yule naye? Alipokuwa anayamwaga nyuma ya nyumba, ulikuwa unaangalia wapi?*

Tangu siku ile aliona kwamba amerudi kusali, kama ugomvi nao ni sala.

Jumapili Dominika alipanda basi la Laela peke yake. Hakuomba msamaha, na Bertha hakuulizia. Mwezi uliofuata mstari kwenye kadi ulipanda, na uliofuata ukapanda tena. Mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Bertha aliandika jina Lydia kwenye karatasi ya majina pale kanisani. Aliyekuwa anapokea karatasi, ambaye alilijua jina la mtoto, alimwangalia huyo aliyekuwa mgongoni, akauliza kama hajakosea.

"Ni mwingine," Bertha alisema.

Alinyonyesha mpaka Lydia akakaribia miaka miwili. Watu walewale waliomwombea aache mapema sasa walikuwa wanamshangaa kwamba haachi. Jenifa alimwambia mtoto ana meno ya kula mahindi ya kuchoma. Bertha akamjibu kwamba atamwachisha siku atakayotaka yeye, na jumuiya wataarifiwa kama watu wengine.

Alipoamua, Kasmir alisema jambo ambalo kila mtu hulisema: mtoto apelekwe kwa bibi wiki moja, alale huko, asahau ziwa.

"Hapana," Bertha alisema.

"Ni mama yangu, Bertha."

"Najua ni nani. Hapana."

Akamwachishia nyumbani. Alipaka shubiri kwenye chuchu, Lydia akalamba, akatema, akamwangalia mama yake kama anayeangalia mtu aliyemwibia. Alilia siku nzima. Siku ya pili alilia zaidi, akawa anamvuta blauzi, "nyonyo, nyonyo," na Bertha amekaa kwenye cherehani anashona sare za kwaya kwa mstari uliopinda, machozi yanamtoka, hasira imemkaba hata kwa uzi unaokatika.

Mchana ule basi la Laela lilimleta Dominika. Hakuwa amealikwa. Alikuwa amezeeka katika muda ule mfupi, na mkononi alikuwa na mfuko wa unga wa ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kasmir aliniambia umeanza."

"Leo siku ya pili."

Dominika alikaa mkekani. Lydia alimwangalia, akarudi kwenye blauzi ya mama yake, akaanza upya kulia. Bibi akauweka mfuko wa unga pembeni.

"Mwanangu," alisema, "nina ombi. Ukikataa sitalirudia. Mpe mara moja tu, nimwone. Mimi wa kwangu sikumwona akifika umri huu."

Bertha alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Siku mbili nimemsikiliza analia," alisema. "Siku mbili, mama. Umekuja kuniambia nirudi nyuma."

"Najua."

"Hujui."

Aliinuka. Alikwenda uani, akanawa kwa sabuni, akanusa, akanawa tena, maana shubiri haitoki kirahisi, na muda wote alikuwa anasema peke yake maneno ambayo hayafai kuandikwa. Akarudi akakaa mkekani, ubavuni mwa mkwe wake, akafungua blauzi.

Lydia hakuamini. Alinusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akamwangalia mama yake, kisha akalijaza ziwa mdomoni na kufumba macho. Dominika alisogeza uso karibu, mikono imeshikana mapajani. Kila mtoto alipomeza, koo la bibi nalo lilimeza.

Ziwa lilipokwisha, Lydia aliliachia, akabaki anahema.

"Na la pili," Dominika alisema kwa sauti ndogo.

Bertha akamgeuza mtoto, akampa na la pili.